Nyoka wa Nyumbani na Ndugu Zake

Shangazi yangu walimwita Mama Nyoka, naye akaitika bila kununa. Alisomea elimu ya nyoka chuo kikuu, kisha ujana wake wote ukaishia kwenye jumba la makumbusho, akiwapanga ndani ya chupa za spiriti. Akija kwetu, baba alimwambia anawe mikono kabla ya kugusa kitu.

"Ndugu zangu hawanuki," alijibu, akakaa mezani hivyo hivyo.

Kabati lake alilipanga kwa ukoo. Koboko na swila, wenye sumu ya kuua, walikaa rafu moja, na pembeni yao nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia anayekula panya na asiyemdhuru mtu. Ni mpole, lakini undugu wake na koboko ni wa karibu kuliko wa koboko na kifutu. Kifutu, na sumu yake yote, ni mtu wa mbali.

Akaja mkurugenzi mpya. Akataka rafu mbili tu: HATARI na SALAMA. Nyoka wa nyumbani ahamie kwa chatu.

"Wageni wanataka kujua yupi anaua, basi," alisema.

"Wabandikie wenye sumu alama nyekundu. Ukoo usinivunjie."

"Mama, huyu hana sumu. Anatafuta nini kwa koboko?"

"Na wewe kaka yako akiwa mwizi, unabadilisha mama?"

Mkurugenzi aliona ametukanwa. Kesho yake kabati lilipanguliwa, na shangazi akatupwa getini kuchana tiketi. Nyumbani wakamsihi afunge mdomo, asije akafukuzwa karibu na kustaafu. Mimi sikumsihi. Nilikuwa na hasira, nikatamani angemzaba yule bwana kofi.

Hakumzaba. Ila kila aliyechaniwa tiketi aliondoka na maneno yake: "Ukifika kwa nyoka, yule wa kahawia kwenye rafu ya SALAMA wamemtenganisha na ndugu zake. Ndugu yake ni koboko. Waulize kwa nini."

Na watu wakauliza. Waliuliza mpaka mkurugenzi akashuka ngazi mwenyewe, jasho linamtiririka, akasimama mbele ya foleni nzima.

"Mama, neno moja tena kuhusu nyoka, nakuhamisha na hapa!"

Shangazi alimchania tiketi mgeni aliyefuata, taratibu, akamrudishia kipande chake.

"Nipeleke chooni," akasema. "Huko hakuna mgeni asiyefika."