Walipokuja na Viti

Mume wangu ni mtu wa pampu. Yuko Bukavu, kwenye mitambo inayovuta maji ziwani na kuyapandisha vilimani, na ukimwuliza habari za nyumbani ataanza na habari za pampu. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja kubwa hapa Jette, Ubelgiji. Nilitangulia kuja kusoma, nikapata kazi, tukakubaliana atanifuata. Kisha vita vikaingia mjini. Wenzake wengi wakavuka mpaka, yeye akabaki. "Nikiondoka, watu watakunywa nini?" akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeaga kwenda dukani. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Mtandao wa kule ukawa unakuja na kupotea. Tukipata dakika moja ananiuliza nimekula nini, nami namdanganya. Halafu ukaja ukimya mrefu. Kazini nilichoma sindano, nikawatania wagonjwa; nikirudi nyumbani nakaa na simu mkononi na chai kavu. Niliogopa, basi.

Jumamosi moja nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, simu imeisha chaji, nimesimama dirishani, nikaona akina mama wa kanisani wanashuka kwenye tramu. Vitenge vimefungwa vizuri, mmoja ana sufuria kubwa iliyofungwa kwa kitambaa, wengine wamebeba viti vya plastiki. Mbele yao alikuwa maman mwenye duka kule Saint-Josse, anayetuuzia sisi sote sombe, kisamvu chetu, na dagaa, na ambaye hafungi duka Jumamosi hata mvua ya mawe inyeshe.

Mtu mwingine angefurahi. Lakini kwetu habari ya kifo haipitii kwenye simu. Wanakuja watu wazima bila kukuarifu, na chakula, na viti, maana nyumba itajaa. Wanakuketisha, wanakuuliza kama umekula, ndipo mmoja anasema. Mimi mwenyewe nimewahi kubeba viti hivyo kwenda kwa mwenzangu.

Naishi ghorofa ya nne na lifti hakuna. Nilifungua mlango nikawasubiri. Maman akafika, akashika ukuta, akanitazama. Machozi yanamtoka, mdomo uko wazi, hasemi. Akainua tu mkono.

"Usiseme," nikamwambia. "Maman, nakuomba, usiseme."

Nikawafungia mlango usoni, nikakaa sakafuni, mgongo mlangoni. Sikulia. Niliwaza kwamba maadamu hawajasema, bado nina mume.

Nje nikasikia wanahema, kisha wakaanza kunong'onezana, kisha ikaja sauti ya maman, pumzi imemrudia: "We mutoto, fungua! Sombe inapoa!"

Sombe inapoa? Hakuna anayeambiwa amekuwa mjane kwa maneno hayo. Nikafungua kidogo.

"Bwana yako iko muzima," akasema. "Alinipigia alfajiri. Weye ulikuwa kazini, simu haukushika. Anasema: bibi yangu namujua, haiko anakula, muende mushinde naye. Bon, tumekuja."

"Na hayo machozi?"

"Ni ngazi zako hizi! Unataka kuniua?"

"Na viti?"

"Anasema uko na viti mbili tu. Sisi tungekaa wapi, kwa kitanda?"

Nilicheka hadi nikashika tumbo, halafu nikalia kilio chote nilichokuwa nimekizuia. Wakanishika, wakanipakulia, nikala sombe kama mtu aliyetoka jela.

Mtandao uliporudi nilimfokea mume wangu. "Papa, unanitumia matanga nyumbani?" Akasema: "Aï. Sikufikiri hivyo. Nilifikiri sombe tu." Nikamwomba tena aje. Akaniambia pampu moja imekufa, amebaki na moja, hawezi kuiacha peke yake. Nampenda mtu huyu na ananichosha.

Akina mama wanakuja bado, kila Jumamosi. Maman ameapa hatapanda tena ngazi zangu kabla ya kusema. Anaingia mlango wa chini, anasimama, anakusanya pumzi, kisha anapaza sauti jengo zima lisikie: "Iko muzima! Ni sombe tu!" Jirani yangu Mbelgiji anadhani ndiyo salamu yetu, na siku hizi tukikutana anajaribu kunisalimia hivyo.

Mimi huwa nimeshasimama mlangoni tangu waliposhuka kwenye tramu, mkono kwenye kitasa. Siwafungulii mpaka nisikie. Na kila Jumamosi kuna kitambo kile kidogo: mlango wa chini umeshafunguka, wameingia, naye maman bado anatafuta pumzi, hajasema.