Kifungo Kilichonasa Mezani

Hivi wewe umewahi kwenda ugenini, jambo likakunasa palepale ulipokaa, ukaona haya kusema? Ngoja nikuambie.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa amebakiza wiki mbili aende chuo, mji wa mbali na hapa Toronto. Mimi umbali haukuniuma. Iliniuma simu. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini kukisema, akishatoa shikamoo nami nikaitikia marahaba, basi, maneno yamekwisha. Nyumbani mama yake anatutafsiria. Kwenye simu atatutafsiria nani? Nikajua atanipigia mara mbili tatu, ataona tabu, ataacha.

Jumamosi moja mama yake yuko kazini, mjukuu akaweka sinema ya zamani ya Kifaransa. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, Kiingereza chenyewe kinanishinda, unaniletea Kifaransa?" Na yale maandishi ya chini siyawezi, shule niliishia darasa la pili.

"Bibi, hawaongei," akasema. "Angalia tu."

Kweli, hawaongei. Baba mmoja mnene kaalikwa chakula kwa bosi wake, kifungo cha koti kikanasa kwenye kitambaa cha meza. Yeye kajua, wenzake hawajui. Akipewa mkono, anainuka nusu. Wakisimama wote, anajifanya anafunga kamba za viatu. Sahani zinamfuata kidogo kidogo, na yeye anatabasamu tu. Nikacheka mpaka mbavu zikauma, tena nikamtangulia mjukuu. Siku zote mimi nacheka wa mwisho, baada ya kuelezwa, na kichekesho cha kuelezwa hakina utamu.

Halafu nikamnyooshea kidole yule baba. Nikamwambia, "Huyo ni mimi."

Basi nikainuka, nikavaa koti langu la baridi, nikamwonyesha kwa vitendo. Mwaka niliokuja, jirani wa hapa ghorofani alinikaribisha chai, na zipu ikala mtandio wangu, hapa shingoni. Koti halivuliki, na maneno ya kuomba msaada sina. Nikainywa ile chai ndani ya koti, jasho linanitiririka, shingo imepinda, naitikia tu yesi, yesi. Mjukuu alilala kwenye kochi kwa kucheka.

Akasimama na yeye. Akashika sinia ambalo halipo, akatoa tabasamu la wageni, akainamisha kichwa, akatoka mbio. Akarudi na maji. Akatoka tena. Akarudi na maji mengine. Nikaelewa. Wageni wangu wakija wakamsemesha Kiswahili, anakimbilia jikoni kuleta maji, mpaka kila mtu ana glasi tatu. Na mimi miaka yote nawaambia, "Mnaona mtoto alivyo na adabu?"

"Kumbe ulikuwa unakimbia?"

"Naogopa watacheka mimi, Bibi."

Nilicheka, lakini moyoni hakukuwa na kicheko. Nilidhani hana hamu na mazungumzo yetu. Kumbe ni haya tu, kama zangu za kwenye koti.

"Sasa ukienda huko," nikamwuliza, "si utakuwa unaikimbia na simu yangu?"

Akakaa chini karibu yangu, akatafuta maneno, nami sikumsaidia. Akasema atanipigia kila Jumamosi, simu ya kuonana uso kwa uso. "Nikikosa neno, Bibi, sikati. Nasimama, nakuonyesha."