Mama Oduor na Tochi ya Kofiani

Taa zilipozimika kule chini, Phelister alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimeshasukwa, nusu kimesimama kama kichaka. Alingoja. Umeme huenda na kurudi, na msusi anayepiga kelele kila unapokatika atakauka sauti bure. Lakini juu yake aliendelea kusikia redio ya duka la dawa na mashine ya kinyozi ikinguruma, na ngazi zote zilikuwa na mwanga isipokuwa zile za mwisho za kushukia kwao. Giza lilikuwa la kwao peke yao.

Saluni yake ilikuwa katika ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo moja la maduka Ntinda, Kampala, mahali pasipo na dirisha hata la kupitisha paka. Saa nne ya asubuhi jua linawaka barabarani, na yeye hauoni mkono wake. Alimmalizia yule mteja nje kwenye kibaraza, watu wakipita na kutazama, kisha akapanda kumtafuta meneja.

Meneja aliitwa Nyongesa. Alikuwa Mkenya kama yeye, mtu wa Bungoma, na tangu siku ya kwanza alikuwa akimwita dada wa nyumbani.

“Nyaya zimeoza, dada,” alisema Nyongesa. “Fundi anasema ni hatari ya moto. Mwenye jengo anaona heri nyinyi wa chini mtafute kwingine tukirekebisha.”

“Mtarekebisha mpaka lini?”

“Hiyo siwezi kujua.”

“Basi na mimi siwezi kujua nitatoka lini,” Phelister akamjibu, akashuka ngazi akipapasa ukuta.

Ukweli ulijulikana na kila mtu. Mwenye jengo alitaka kuwapa chini yote watu wa mazoezi, wale wanaofungua kumbi za kunyanyulia vyuma. Wapangaji walikuwa na haki ya kukaa mpaka Desemba. Kuwatoa kwa nguvu kungeleta kelele, kwa hiyo giza lilitumwa likafanye kazi hiyo. Na lilifanya. Mchapa kadi aliondoka kwanza, kwa kuwa mashine zake hazinywi maji, zinakula umeme. Fundi viatu akafuata, baada ya kujichoma msumari kidoleni. Mwishowe walibaki wawili: Phelister, na Filda mshonaji, ambaye cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu.

“Mimi hapana toka,” Filda alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. “Mimi nazaliwa ndani ya nyumba ya polisi, Nsambya. Baba yangu sajini. Sasa meneja nanitisha na nini, Mama Oduor? Na giza?”

Phelister alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Yeye mwenyewe alikuja Kampala kutoka Homa Bay akimfuata mume, na mume alipojiendea zake, alibaki na mtoto mmoja, Oduor, na vidole kumi. Alianza kusuka kwenye kibaraza cha chumba chake cha kupanga Kisugu, mvua ikija anasuka, jua likija anasuka, mpaka akapata pale Ntinda. Oduor alikuwa sasa mtu mzima mwenye mke. Kila alichokula kilitoka kwenye nywele za watu. Hakuwa tayari kufukuzwa na swichi.

Tatizo lilikuwa mwanga. Alianza na simu. Mteja aliishika juu ya kichwa chake mwenyewe. Mkono ulimchoka, mwanga ukamulika dari, na walipomaliza simu ilikuwa imekufa, dada wa watu hana cha kuitia bodaboda. Kisha akanunua tochi kubwa ya plastiki barabarani. Ile ilikuwa na mwanga wa buluu kama wa chumba cha maiti. Chini yake, nywele za bandia za namba moja, nyeusi tii, na za namba mbili, ambazo ni hudhurungi iliyoiva, zilionekana kitu kimoja. Mteja alitoka, akajitazama juani, akakuta kichwa chake kina rangi mbili kama ng'ombe. Alirudi na maneno. Phelister alikifumua chote akamsuka upya, bila malipo na bila kujitetea. Hilo lilimuuma kuliko giza lenyewe.

Ndipo alipoingia kwa Tresor, Mkongo aliyeuza vitu vya simu kwenye duka la upande wa barabara. Tresor alimwekea mezani tochi ndogo, ndefu kama kidole cha shahada, nyeusi, yenye kibanio ubavuni na sumaku mkiani, ya kuchajiwa kwa waya wa simu.

“Mama, hii iko na nguvu! Inapiga kilomita moja.”

“Kichwa cha mtu hakina kilomita moja,” Phelister alisema. “Nataka kuona mstari wa nywele. Una yenye mwanga wa njano kidogo?”

Tresor akatafuta chini ya meza akaipata. Phelister akatoa pakiti mbili za nywele mkobani, akajifunika nazo kanga kichwani pale pale dukani, akamulika. Namba moja ikawa namba moja. Namba mbili ikawa namba mbili. Alipotoka chini ya kanga aliomba beseni la maji.

“La nini, mama?”

“Nafanya kazi na maji. Ikifa, ife sasa hivi mbele yako.”

Aliizamisha, Tresor ameshika kichwa kwa mikono miwili. Ikaendelea kuwaka chini ya maji kama jicho la samaki. Alikubaliana naye kwamba atampa pesa baada ya kuitumia kazini, na isipofaa atairudisha. Tresor, ambaye alishaona maajabu ya kutosha, aliitikia.

Chini, Phelister alivaa kofia ya zamani ya Oduor yenye ukingo mbele, akaibana tochi kwenye ukingo. Filda alimtazama akasema amekuwa mchimba dhahabu. Lakini mwanga ulikwenda kila macho yalipokwenda, na mikono ikabaki huru. Alijaribu nguvu zote tatu za mwanga wake. Ile kubwa iliunguza paji la uso, na baada ya muda mfupi ilijipunguza yenyewe bila kuomba ruhusa. Hiyo akaiacha kwa wanaotafuta ng'ombe waliopotea. Ya kati ilimtosha, ikasuka naye kichwa kizima cha rasta nyembamba, na ikabaki na uhai. Ile ndogo ilifaa kufagilia na kutafutia vitana. Sumaku nayo ilikuwa na tabia zake. Ilikusanya vibanio vyote vya nywele mezani, ikaiba na sindano ya Filda, ikazua ugomvi wa kirafiki mpaka jioni.

Hakujidanganya kwamba ameokota almasi. Kitufe kilikuwa laini mno. Siku ya pili tochi ilijiwasha ndani ya mkoba njiani kwenda Kisugu, na asubuhi alipoihitaji ilikuwa maiti. Aligundua kwamba akilegeza mkia wake kidogo haiwaki hata ikibonyezwa, na tangu hapo hakusafiri nayo bila kuulegeza. Kipande cha mpira kinachoziba tundu la chaji nacho kilikuwa kimelegea, na alimwambia Tresor wazi kwamba hakitamaliza mwaka. Kisha akalipa, akachukua na ya pili, ili moja ikiwa kazini nyingine iwe kwenye chaji juu, duka la dawa.

Wateja walirudi. Wengine walikuja kwa huruma, wengine kuona ajabu ya kusukwa gizani, wakaketi na kusimulia. Nyongesa alipowakataza watu wa duka la dawa kumchajia tochi, wateja walianza kuja na betri zao za mkobani, wakizichomeka wenyewe kabla hawajakaa.

Alasiri moja Phelister alikuwa anamsuka Vera, mwalimu wa shule ya jirani, waliposikia hatua za watu ngazini. Nyongesa alikuwa mbele akimulika kwa simu. Nyuma yake alikuja mwanamke mwenye viatu vya michezo, na mwanamume aliyeshika utepe wa kupimia. Nyongesa akajikwaa kwenye ndoo ya maji machafu, akaimwaga.

“Mbona hatuoni kitu?” mwanamke aliuliza.

“Kidogo tu, madamu.” Nyongesa alimgeukia Phelister, sauti tamu kama zamani. “Dada, hebu niazime hiyo tochi yako, niwaonyeshe wageni ukuta wa nyuma.”

Phelister hakuacha kusuka. “Tochi iko kazini.”

“Dakika mbili tu, dada.”

“Washa taa.”

Mgeni mwenye utepe alisogea. “Kwani umeme upo huku?”

Nyongesa alipapasa funguo mfukoni. Akisema nyaya ni mbovu, wageni wataondoka. Akiwasha, je, zile nyaya zilizooza? Filda alimwona anavyohangaika, akaamua kumsaidia kwa namna yake.

“Meneja mwenyewe nasema waya naoza,” aliwaambia wageni bila kunyanyua mguu kwenye cherehani. “Nasema moto nachoma watu. Sisi naketi hapa na ogopa sana.”

Vera alishindwa kujizuia, akacheka mpaka Phelister akamshika kichwa asitikisike.

Nyongesa alitoa funguo mfukoni, akafungua kisanduku kilichokuwa ukutani kwenye ujia. Kikasikika kishindo kidogo, na taa zote za chini zikawaka kwa pamoja, wakapepesa macho kama watu waliotolewa usingizini.

Mwanamke wa viatu vya michezo hakutazama ukuta wa nyuma. Alitazama kisanduku, akamtazama Nyongesa, kisha akautazama uso wa Phelister chini ya ile kofia.

“Hawa wanatoka lini?”

“Hivi karibuni,” alisema Nyongesa.

“Si kweli,” alisema Phelister. “Tuko hapa mpaka Desemba, na Desemba ikifika tutazungumza na mwenye jengo kama watu.”

Wageni waliaga haraka. Nyongesa aliwasindikiza, akarudi peke yake, akanyoosha mkono kwenye kisanduku. Phelister alikuwa ameshamwacha Vera, amesimama mbele yake na kitana mkononi.

“Zima,” alimwambia. “Zima, niwaite watu wa maduka yote ya juu washuke wauone mkono wako ukizima.”

“Mimi ni mtu wa kutumwa tu, dada.”

“Najua. Mwambie aliyekutuma ashuke mwenyewe.”

Nyongesa alifunga kisanduku, akapanda ngazi. Mwenye jengo hakushuka, na taa hazikuzimwa tena. Fundi viatu alirudi. Mchapa kadi alikuwa ameshapata pengine, akabaki huko. Watu wa mazoezi hawakuonekana tena. Desemba ilipofika, Phelister na Filda walipanda pamoja kuzungumza, wakashuka wakiwa na mwaka mwingine wa kupanga.

Jumamosi iliyofuata wateja walikuwa wengi hata wakakalia ngazi, na Nyongesa akachungulia kutoka juu, akalalamika kwamba wanaziba njia.

“Sogeeni upande mmoja apite,” Phelister aliwaambia, bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa nacho. “Lakini asiondoke mtu.”