Siku Tatu Zilizopungua

Faska hakuwahi kununua kitu bila kukivusha bahari kwanza. Siku ya soko, pale Tizgi kijijini kwao, muuza nyanya akimwambia kilo ni dirhamu nne, yeye husimama akatazama juu, midomo ikimchezacheza. Dirhamu nne ni riali themanini, maana wazee wa jimbo hilo la Souss hadi leo huhesabu kwa riali, ishirini kwa kila dirhamu. Na kule kando ya Paris, kilo hiyohiyo ni yuro tatu, yaani riali mia sita na ushee. Hapo hutikisa kichwa, huguna, kisha huanza kubembeleza apunguziwe mpaka tatu na nusu.

"Mzee Faska," muuza nyanya humchokoza, "nyanya zangu umeshazipandisha ndege mara ngapi leo? Zitafika zimepondeka!"

"Wewe pima. Ungezijua za kule, hizi ungezibusu."

"Basi chukua kilo mbili, moja ya kula na moja ya kubusu."

Watu hucheka, naye hucheka pamoja nao, lakini kilo huwa moja tu.

Wasimlaumu. Alikwenda Ufaransa ana miaka ishirini na mitano, mwaka mmoja baada ya kumwoa Ijja. Mzungu mmoja alipanda mlimani kutafuta wachimba makaa ya mawe, akawapanga vijana juani, akawashika misuli na kuwafungua vinywa kama nyumbu mnadani. Aliyefaa aligongwa muhuri wa kijani kifuani, aliyekataliwa akagongwa mwekundu. Faska alipata wa kijani. Mama yake alilia, baba yake akachinja jogoo, na yeye mwenyewe alikaa wiki nzima bila kuoga, akiogopa muhuri usije ukafutika.

Machimbo yalipofungwa alihamia kazi ya ujenzi, na huko makandarasi walimlipa mkononi bila kumwandika popote. Kwa hiyo alipozeeka, pensheni yake ilitoka ya yuro mia mbili kwa mwezi, basi. Serikali ya kule humjazia mzee wa namna hiyo nyongeza ili afikie kiwango cha kuishi, ila kwa sharti: kila mwaka akae katika ardhi yao siku zisizopungua mia na themanini. Aliyeitunga sheria hiyo bila shaka hakuwahi kuwa na mke ng'ambo ya bahari. Pesa ile, kule, haimtoshi mtu mmoja. Kijijini ingewatosha watu saba na mgeni wao. Lakini ukija nayo kijijini ukakaa, inakatwa. Yaani unapewa kwa sharti uishi mahali isipotosha.

Basi Faska alikuwa akiishi nusu mwaka katika bweni la wazee wenzake, chumba cha hatua nne kwa mbili, kitanda na jiko la kuchangia ukumbini. Kodi ilimeza nusu ya pesa. Iliyobaki aliikata tena nusu akaituma nyumbani, na iliyobaki hapo ndiyo aliyoilia dengu. Dengu Jumatatu, dengu Jumanne, Ijumaa dengu na shingo ya kuku. Ijja akimuuliza kwenye simu, "Umekula nini leo?" yeye alijibu, "Nyama, mama Tuda. Huku nyama ni rahisi mno." Naye Ijja alimjibu, "Alhamdulillahi. Hata huku maisha rahisi, pesa yako tunakula na kusaza." Miaka nenda miaka rudi, walidanganyana hivyo kwa mapenzi, na kila mmoja alilala akiwa ameridhika na uongo wake.

Siku zake za kule alikuwa akihesabiwa na Bella, jirani yake wa bweni, mtu wa kijiji cha pili, ambaye alijua kusoma. Bella alikuwa na kalenda ya ukutani, na kila jioni alipiga mstari wa kwake na wa Faska. "Bado arobaini na moja, ewe bwana arusi," alikuwa akimtania. Kisha Bella akafa, akarudishwa kwao katika sanduku. Mwaka uliofuata Faska akajihesabia mwenyewe, na kuhesabu kwake ni kule alikofunzwa na baba yake. Alifika Ufaransa mwandamo wa Mfungo Sita. Akaungoja mwezi dirishani, juu ya maegesho ya magari, ukaandama mara baada ya mara. Ulipoandama wa Ramadhani, miezi ikawa sita kamili, nusu ya mwaka, naye akafunga begi akaenda kufunga saumu kwao.

Ijja alifurahi kama ambavyo hakuwa amefurahi kwa miaka mingi. Ramadhani nzima alimpikia supu kwa mkono wake mwenyewe, akamkatalia Tuda, binti yao, hata kuchochea moto. Tuda alikuwa mjane, amerudi kwao na mabinti wawili. Lakini kiangazi kilipopita, miguu ya Ijja ikaanza kuvimba. Akawa hawezi kulala chali, mpaka aegemezwe mito. Daktari wa mjini Tiznit alisema ni moyo, akaandika dawa za dirhamu mia tisa kila mwezi. Faska hizo hakuzivusha bahari. Alizilipa bila kubembeleza.

"Usirudi tena kule," Ijja alimwambia alasiri moja, akiwa ameketi anapasua kokwa za argan, mti wa kukamua mafuta, kazi ambayo daktari alikuwa ameikataza.

"Nikikaa, nyongeza inakwenda. Dawa zako tutanunua na nini, na maganda hayo?"

"Dawa, dawa! Mimi niliolewa na mtu, Faska. Sikuolewa na posta."

"Posta ndiyo iliyoezeka dari hiyo juu yako."

"Dari naiona. Miaka arobaini na tisa naitazama peke yangu." Akagonga kokwa, ikaruka. "Umewahi kuijumlisha hiyo, wewe bingwa wa hesabu? Miaka yote tuliyolala nyumba moja haifiki tisa."

Faska akainama kuiokota. Alikuwa ameijumlisha zamani, na ndiyo hesabu pekee aliyoiogopa.

Mwishoni mwa Novemba ilifika fomu ya kila mwaka, ya kujaza siku alizokaa Ufaransa. Tuda, aliyesoma hadi darasa la sita, akakaa na pasipoti ya baba yake kwenye mkeka, akafuata mihuri kwa kidole, ya kuingia na ya kutoka.

"Baba. Mia na sabini na saba."

"Rudia."

Akarudia mara tatu. Ikatoka ileile.

"Haiwezekani! Miezi sita kamili. Nimeiona kwa macho yangu."

"Miezi yetu, baba. Mingine yetu ina ishirini na tisa, yao ina thelathini na thelathini na moja. Na wao hawahesabu miezi hata kidogo, wanahesabu siku. Zimepungua tatu."

Faska akaichukua pasipoti, akaifunga. Alimjua mzee wa bweni aliyepungukiwa siku: alikatiwa nyongeza, akadaiwa arudishe hata aliyokwisha kula. Akawatazama mabinti wa Tuda wakifanya kazi zao za shule, akaitazama mifuko ya dawa dirishani. Alikuwa na aibu, aibu ya mtu mzima aliyeshindwa kuhesabu.

"Mwaka haujaisha," Tuda akasema polepole. "Ukienda sasa, ukakaa siku tatu..."

Wote wawili wakageuka kumtazama Ijja juu ya mito yake.

"Mnaniangalia nini?" Ijja akasema. "Aende."

"Na hali yako hii?"

"Nimekungoja miaka, siku tatu ndizo zitanishinda? Nenda. Ila usiniletee chokoleti, meno yamekwisha."

Tuda alimpangia vizuri: asafiri Jumapili, akae Jumatatu, Jumanne na Jumatano, Alhamisi apande ndege arudi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mbele ya meza ya wakala wa tiketi, Faska aliingiwa na hofu. Je, wakisema Jumatatu si kamili? Je, akiwa amekosea tena? Akauliza za Ijumaa. Tiketi ya Ijumaa ilikuwa pungufu kwa dirhamu mia na ishirini. Macho yakapanda juu, midomo ikachezacheza: riali elfu mbili na mia nne. Akalipia Ijumaa, wala hakumwambia Tuda.

Huko uwanjani Paris, askari wa mpakani aliipekua pasipoti.

"Unakaa muda gani?"

"Siku nne."

"Umekuja kutembea?"

"Hapana," Faska akasema, akatoa kitambulisho chake cha ukaazi. "Naishi hapa."

Askari alimtazama, akagonga muhuri.

Chumba kilikuwa baridi na kinanuka vumbi. Faska akachemsha dengu, akakaa kitandani na koti, akawa hana la kufanya ila kuwapo. Hakika hiyo ni kazi ngumu kuliko ya machimboni. Kule chini angalau makaa yalipungua. Kila baada ya swala alitazama simu.

Jumatano jioni Tuda alimpigia, akamshikia mama yake simu sikioni. Pumzi ya Ijja ilikuwa fupi.

"Umekula nini?"

Faska alifungua kinywa kusema nyama, na nyama ikakataa kutoka.

"Dengu."

"Na jana?"

"Dengu."

"Na ile nyama ya miaka yote?"

"Dengu, mama Tuda. Ilikuwa dengu."

Kule ng'ambo akamsikia akicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Nilijua. Nguo zako nani alikuwa anazifua? Zilikuja na harufu yake mpaka kwenye kola." Akapumzika. "Basi na mimi nikwambie langu. Bangili ulizoniletea, zile ninazovaa sikukuu. Ni bati. Za fedha niliziuza mwaka ule Tuda alipofiwa. Pesa yako haikutosha."

Faska alishika kichwa. Bangili zile alizinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa machimboni.

"Uliziuza bei gani?" akauliza, kabla hajajizuia.

"Ee Mola wangu! Hata sasa?" Ijja akacheka tena. "Bei mbaya, Faska. Walinipunja. Umeridhika?" Kisha sauti yake ikashuka. "Zimetimia hizo siku zako?"

Zilikuwa zinatimia jioni ileile. Lakini angesemaje kwamba amejinunulia siku ya ziada?

"Bado moja," akasema.

"Basi malizia. Usiharakishe ukaharibu."

Alhamisi ilinyesha tangu asubuhi. Faska alifua shuka, akazifuta sufuria ambazo hazikuwa chafu, akashuka dukani akatazama bei za nyanya bila kununua. Alijihisi mwizi, ila hakujua anamwibia nani. Jioni alipiga simu, Tuda akamwambia mama ana nafuu kidogo. Ijumaa asubuhi, akiwa uwanja wa ndege tayari, akapiga tena.

"Mama yako?"

"Amelala, baba."

"Usimwamshe."

Sauti ya binti yake ilikuwa nzito. Faska alidhani ni mafua, na katika begi alikuwa na dawa ya mafua, ya kule, iliyo nzuri.

Alifika Tizgi jua likiwa limeanza kushuka. Alipotoka kwenye teksi aliwaona wanawake wawili wakipanda kichochoro, kila mmoja amekumbatia koni ya sukari katika karatasi yake ya buluu, ile ya kupelekea wenye shughuli. Akajiuliza nani anaozesha mwezi huu. Akawafuata taratibu na begi lake, akihesabu malango, na wanawake wale hawakupinda popote. Waliingia kwake.

Uani palikuwa pametandikwa mikeka. Wanaume waliokuwa wameketi waliinuka wote kwa pamoja walipomwona, na kwa kuinuka kule akajua. Begi lilimtoka mkononi. Tuda alitoka jikoni akamshika mabega, akamkalisha kwenye kizingiti kama anavyokalishwa mtoto.

"Lini?" Faska akauliza.

"Leo alfajiri. Tumemzika baada ya swala ya Ijumaa. Tusingeweza kungoja, baba, unajua." Tuda alilia bila kujifuta. "Nilitaka kukuambia uliponipigia. Yeye ndiye aliyeniapisha. Alisema, likitokea lolote usimwambie mpaka atie mguu hapa, asije akakimbia siku zikapungua, ikawa amekwenda bure."

"Na jana? Jana alikuwaje?"

"Jana alikuwa na nafuu. Jioni alikaa, akanywa supu, akataka asukwe nywele. Aliniuliza uko wapi, nikamwambia bado unamalizia ya tatu. Nilishangaa, nikajua ni mimi niliyekosea kuhesabu."

Faska alitazama mikono yake. Ilikuwa ya mzee, nyeusi kwenye mistari ya viganja, makaa ambayo hayakutoka kwa sabuni yoyote ya nchi yoyote.

"Hukukosea," akasema. "Ya tatu ilikuwa Jumatano."

Tuda aliacha kulia, akamtazama.

"Sasa jana ulikuwa unafanya nini kule?"

Mwanamke mmoja alipita kati yao akaenda kuiweka koni ya sukari juu ya nyingine, karibu na mlango wa chumba cha Ijja. Faska alingoja mpaka apite.

"Tiketi ya leo," akasema, "ilikuwa rahisi zaidi."