Gego la Mwonja Chai

Kiwandani walimwita Ulimi, na hakukasirika hata siku moja, kwani ulimi ndio uliomlisha, ukamvisha, ukamwozesha. Kazi yake ilikuwa kuonja chai. Kila asubuhi vikombe vyeupe vilipangwa kwenye meza ndefu karibu na dirisha, naye akapita na kijiko, akiivuta kila chai kwa kelele kiasi kwamba mgeni aliyekuwa koridoni angedhani bomba limepasuka. Aliizungusha mdomoni, akaitema kwenye ndoo, akatoa hukumu: nzuri, imeungua, ina unyevu, mbovu. Akisema mbovu, basi ni mbovu. Meneja mwenyewe hakuthubutu kubisha.

Sasa, mtu wa kazi kama hiyo lazima awe na shaka kidogo, lakini huyu bwana alizidisha. Maziwa ya nyumbani kwake aliyanusa kabla hayajafika mezani. Ukimsalimia kwa uchangamfu, anajiuliza unataka nini. Mlango akishaufunga anaujaribu, anaondoka, anarudi kuujaribu tena. Mkewe alishamzoea. "Baba watoto," alikuwa akimwambia, "wewe hata peponi utauliza ufunguo anao nani."

Basi asubuhi moja Ulimi alivuta kikombe cha kwanza, akakunja uso, akatema. Kulikuwa na kitu mle. Kutu, na nyuma ya kutu uozo fulani, kama dekio la sakafu lililosahauliwa ndani ya ndoo. Kikombe cha pili, kipo. Cha tatu, kipo, ila kimefifia. Hivyo vyote vilikuwa vya zamu ya usiku, maana ndivyo kazi ilivyopangwa siku zote: chai ya usiku huonjwa kwanza, ya mchana hufuata. Na alipofika kwenye ya mchana, ah, safi kabisa, haina doa.

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Na tanuri la kukaushia chai ya usiku lilikuwa mikononi mwa nani? Mwa shemeji yake, mdogo wake mkewe, tena kazi hiyo aliipata kwa sababu Ulimi mwenyewe alimsemea.

"Mimi sipati kitu," alisema meneja baada ya kuonja.

"Bosi, wewe unaonja huku unawaza sukari," Ulimi alimjibu, na mjadala ukaishia hapo. Magunia ya chai ya usiku yakawekwa kando stoo.

Shemeji mtu aliapa kwa kila kitu alichonacho. "Shemeji, nimebadilisha nini mimi? Moto ni uleule, trei ni zilezile." Akalisugua tanuri lote kwa brashi mpaka vidole vikachubuka. Asubuhi iliyofuata, dekio lipo palepale. Ulimi akaanza kumchunguza jamaa vizuri. Analala kazini? Anakausha vitu vyake mle? Au kuna mtu kamtuma? Mbona ana bidii hivyo ya kusugua kama hana la kuficha? Akapeleka neno kwa meneja, na meneja akapanga kikao siku ya Ijumaa. Hapo ndipo ingeamuliwa kama shemeji atabaki au atakwenda zake.

Nyumbani kukawa hakukaliki. "Unammwagia mdogo wangu unga," mkewe alimwambia, akiweka sahani mezani kwa kishindo.

"Siyo mimi. Ni ulimi."

"Huo ulimi nao una kichwa kigumu kama mwenyewe! Na hilo shavu limefanya nini?"

Shavu lilikuwa limevimba. Kwa muda sasa Ulimi alikuwa akitafuna upande mmoja tu na kujifanya hamnazo, kumbe taya linampwita kama ngoma. Mkewe akamsukuma aende kwa daktari wa meno, na hapo machale yakamcheza. Mbona anamhimiza wiki hii hii, kabla ya kikao? Lakini maumivu hayana mjadala. Alikwenda.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole mwenye mikono midogo, na upole huo Ulimi hakuupenda hata chembe. Kabla ya kukaa aliuliza kile kiti nani alikikalia mwisho. Alipoonyeshwa picha ya taya aliikazia macho, akaigeuza.

"Nitajuaje kama huu ni mdomo wangu?"

"Mzee, hili pengo hapa hulijui?"

Akaligusa pengo kwa ncha ya ulimi. Analijua.

Daktari akamwonyesha gego la mwisho chini, lile linaloota mtu akishakuwa mtu mzima. Lilikosa nafasi, likalala ubavu na kumwegemea mwenzake, nusu yake imefunikwa na ufizi. "Uchafu unaingia hapa chini, haupati pa kutokea," alisema. "Tuling'oe."

"Likibaki?"

"Litaoza chini kwa chini."

"Na likitoka? Niambie ukweli, mama. Mimi naishi kwa ulimi."

Daktari hakumficha. Alimweleza kwamba kuna mshipa wa fahamu unaopita jirani kabisa na gego hilo, na ndio unaouhudumia ulimi. Ukiguswa, ulimi unaweza kufa ganzi upande mmoja, ladha nayo ikapotea. Si wengi wanaopatwa na hilo, na wengi wao hurudi sawa baada ya muda. "Lakini wapo," alisema, "wachache sana, ambao haurudi."

Loo! Ulimi alinyanyuka kitini na kitambaa chao kifuani. "Mke wangu amewahi kufika hapa?"

"Si alimleta mtoto juzijuzi?"

Aha! Sasa mambo yote yakajipanga kichwani mwake kama vikombe. Mke ana mdogo wake wa kumwokoa, anamjua daktari, daktari ana koleo, na mtu pekee anayejua chai ni mbovu anaambiwa aje alaze ulimi wake jirani na koleo. Alitafuta viatu vyake kabla ya kukumbuka kwamba amevivaa.

"Ngoja basi nikusafishe kidogo, usiondoke hivihivi," alisema daktari, na akaubonyeza ufizi kwa kidole. Tone moja likatoka, likateremka hadi kwenye ulimi.

"Tema."

Ulimi hakutema. Kwa mazoea yake ya miaka yote alilizungusha mdomoni, taratibu, mbele na nyuma. Kutu. Na nyuma ya kutu, dekio.

Alitema, akaaga, akatoka bila kusema kama atarudi. Njiani akajipa moyo: huenda daktari alipaka kitu kwenye glavu. Mtu huyu, nakwambia, hata maiti yake akiiona ataomba kuithibitisha.

Asubuhi iliyofuata aliingia kazini kama kawaida yake, kinywa kitupu. Waonjaji ndivyo walivyo: asubuhi hawali, hawanywi, hawapigi mswaki hata kwa dawa, ili ladha nyingine isitangulie. Safari hii alipanga vikombe mwenyewe, akaanza na chai ya mchana. Akavuta. Kutu na dekio, tena nene kuliko siku zote. Cha pili, kipo. Cha tatu, kimefifia. Na alipofikia ya usiku, kinywa kikiwa kimeshasuuzwa na chai zote zile, akakutana na chai tamu, angavu, iliyokaushwa na mtu anayeijua kazi yake. Aliketi kwenye stuli na kijiko mkononi. Ubovu alikuwa akija nao mwenyewe kutoka nyumbani kila asubuhi, akiumimina kwenye kikombe cha kwanza. Na kikombe cha kwanza siku zote kilikuwa cha shemeji.

Aliona haya, lakini haya yenyewe haikukaa peke yake. Wazo lilikuja, tena lilikuja limevaa vizuri. Akinyamaza tu, nani atajua? Ijumaa shemeji anaondoka, mtu mpya anashika tanuri, gego linang'olewa kimyakimya, na chai inatakata. Kiwanda kizima kitasema, mnaona? Ulimi haukosei. Na akisema je? Mwonjaji aliyewahi kudanganywa na mdomo wake mwenyewe, neno lake litasikilizwa na nani tena?

Jioni shemeji alipita nyumbani kumsalimia dada yake. Hakugusia kikao. "Shemeji, uvimbe unaendeleaje?" aliuliza. "Jaribu maji ya chumvi ya uvuguvugu, yatakutuliza." Ulimi alimtazama machoni akitafuta ujanja. Akatafuta tena. Hakuupata, na hilo lilimuuma kuliko taya.

Ijumaa walikaa watatu ofisini: meneja, shemeji na kofia yake magotini, na Ulimi.

"Tusizunguke," alisema meneja. "Wewe sema neno lako tu, tumalize."

Ulimi akameza mate, na hata mate yalikuwa na kutu. "Chai ni nzuri," alisema. "Mdomo wangu ndio mbovu."

Akaeleza yote, gego, tone, vikombe alivyovigeuza. Meneja akadakia. "Na yale magunia yote stoo?"

"Mazima. Yauze."

Shemeji aliinuka, akavaa kofia, akatoka bila kuaga. Hakutabasamu wala kutukana. Kutukanwa kungekuwa nafuu.

"Na hilo gego?" aliuliza meneja. "Si umesema ulimi unaweza kufa?"

"Unaweza. Lakini huu nilio nao ni mzima na unasema uongo. Bora nisiwe na neno kuliko kuwa na hili."

Alirudi kwa mama mpole siku iliyofuata. Alikagua sindano, akauliza ya nani, kisha akafumba macho. Gego lilitoka vipande vipande. Ganzi ya midomo ikaisha, ya shavu ikaisha, lakini ulimi upande wa kushoto ukabaki umelala kama kipande cha ngozi. Subiri, daktari akasema, mara nyingi hurudi. Kazini mwingine alishika kijiko kwa muda. Ulimi alisubiri nyumbani, akijing'ata kila asubuhi kuona kama kuna anayeitika mle. Shemeji hakukanyaga pale.

Halafu mchana mmoja akaja, na pakiti ya chai mkononi. "Ya zamu yangu," alisema, akampa dada yake, akakaa mbali.

Chai ikaiva, ikaletwa. Ulimi akaivuta kwa kelele zake zilezile. Upande mmoja joto, upande mwingine hakuna kitu, na hata ule mzima ladha ilikuwa haijatulia. Aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimsukumia mtu mwingine kikombe.

"Sipati kitu. Onja wewe, uniambie."

Shemeji alikivuta kwa kishindo, akazungusha, akameza. Akamkazia macho bila kupepesa. "Ina kutu," alisema. "Na nyuma ya kutu, dekio."

Dada mtu aliganda na sinia mkononi. Ulimi alimchunguza shemeji usoni kwa mazoea, kisha akaacha kuchunguza. Akainuka, akachukua birika, akaenda nalo hadi kwenye karo, akaimwaga chai yote mpaka tone la mwisho.

"Basi ni mbovu," alisema, akarudi kukaa.

Shemeji alilitazama lile birika tupu. Alivua kofia, akaiweka juu ya meza.

"Dada," alisema, "teleka maji mengine. Ilikuwa nzuri."