Swichi Kuu Iko Chumbani kwa Mama

Kwanza naomba msamaha kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo sijaandika zaidi ya orodha za dukani na jina langu kwenye daftari la kanisa. Huku kwetu Bungoma l na r hubadilishana viti bila kuuliza, kwa hiyo mkikuta moja imekalia mahali pa nyingine, isukumeni tu. Tena naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua muda wa sufuria ya maharagwe kuiva, na hapo sisemi maharagwe mabichi.

Nataka kueleza jinsi stima, yaani umeme, ilivyofika kwenye kibanda kilicho nyuma ya nyumba yetu, Tongaren. Kutoka ukuta wa nyumba mpaka mlango wa kibanda ni hatua ishirini na sita. Stima ilichukua miezi minne kuzitembea.

Kibanda kilikuwa cha ndama. Ndama alipokuwa ng'ombe alihamia zizini, na mama akaniambia nikikitaka nikichukue. Nilikifagia, nikakandika kuta upya, nikaweka ndani mashine ya kutotoa vifaranga niliyoitoa Kitale. Ni sanduku la mbao lenye kioo mbele, na ndani kuna balbu na feni ndogo. Nilikuwa na miaka ishirini na hapo nyumbani hapakuwa na kitu ambacho mtu angekiona aseme ni changu. Pia nilikuwa nimefikiria kazi nyingi na zote zilitaka mtu anayeongea. Vifaranga havitaki. Anayevihitaji anakuja mwenyewe, anahesabu, anaondoka.

Lakini mashine bila stima ni sanduku tu.

Stima ilikuwepo nyumbani. Walipokuja kuifunga, miaka michache baada ya baba kufariki, walimwuliza mama ubao wake uwekwe wapi. Ni ubao mmoja wenye swichi kuu, swichi mbili ndogo, soketi mbili na mahali pa balbu. Mama aliwaonyesha chumba chake cha kulala, kando ya kitanda, ili mtu asichaji simu bila yeye kujua. Tangu siku hiyo simu zote za nyumba hii huchajiwa kwa ruhusa.

Nilimwomba mashine ikae chumbani mwake, siku ishirini na moja tu.

"Hiyo feni inalia?"

"Kidogo."

"Na balbu inawaka usiku?"

"Usiku na mchana."

"Mimi silali na kuku ambao hawajazaliwa," mama akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa hiyo nilitafuta fundi. Yaani niliweka namba ya fundi wa senta, pale penye maduka, kwenye simu, nikaiangalia kwa miezi mitatu. Mwezi wa nne nilikutana naye dukani, na yeye ndiye aliyeanza kuongea. Akasema Jumatatu atakuja. Nikazunguka kwa akina mama wa senta nikikusanya mayai ya kienyeji mpaka nikapata arobaini na mawili. Jumatatu fundi alikwenda Sirisia kufunga stima kwenye kanisa, na simu yake haikupatikana tena.

Aliyeniuzia mashine alikuwa amenionya kwamba yai la kutotoa halingoji zaidi ya siku kumi. Baada ya hapo ni la kupika. Siku ya saba tangu yai la kwanza nikaona mama ameweka kitunguu na nyanya karibu na trei zangu. Aliviweka tu.

Dada yangu mkubwa ameolewa Kitale, na mume wake ni fundi wa stima. Siku ya nane alipiga simu. "Mna fundi kwenye ukoo na mnahangaika na watu wa kanisa? Kesho anakuja." Tulifurahi wote. Dada alikuwa anafikiria mume wake, mama alikuwa anafikiria mayai, na mimi nilikuwa nafikiria kwamba sitahitaji kupigia mtu simu. Hakuna aliyefikiria kitanda.

Shemeji alifika Jumamosi asubuhi kwa bodaboda, waya umekunjwa mviringo begani. Mama alimwona tangu kwenye njia, akaingia jikoni, akarudisha mlango. Kwa watu wetu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawasalimiani kwa mkono, hawakai chumba kimoja, hawali wakitazamana. Si ugomvi. Ni heshima. Ziko nyumba ambazo siku hizi jambo hili limelegea. Kwetu halijalegea. Tangu dada aolewe, miaka sita, mama na shemeji hawakuwa wamesemezana neno moja.

Mimi ni tofauti. Na shemeji mtu anaruhusiwa kutaniana, na yeye huitumia ruhusa hiyo yote, pamoja na ile yangu.

"Shem, sasa? Mwaka huu umeshaongea ama bado?"

"Bado."

"Hilo ni moja. Nitamwambia dada yako nimepata moja."

Tulichimba mtaro, tukapitisha waya ndani ya bomba la plastiki, tukafukia. Akafunga soketi na balbu kibandani. Kabla ya saa sita kila kitu kilikuwa tayari, na mwisho mmoja wa waya ulikuwa umechungulia ukutani, chini ya dirisha la chumba cha mama. Shemeji alipangusa mikono.

"Haya, imebaki kuunganisha. Swichi kuu iko wapi?"

Nikaonyesha dirisha.

"Kwa mama?"

"Kwa mama."

"Ndani kabisa?"

"Kando ya kitanda."

Alirudi nyuma hatua tatu, kama kwamba kitanda kingetoka kumfuata. Kisha akakaa kwenye jiwe la kunolea panga, karibu na jikoni. Kati yake na mama palikuwa na ukuta wa udongo na hatua mbili.

"Mwulize kwani hakujua nyumba ina chumba cha kulala," mama akasema kutoka jikoni.

Nikamwambia shemeji, "Mama anauliza kwani hukujua nyumba ina chumba cha kulala."

"Mwambie mama, ati mimi nilidhani stima iko sebuleni kama kwa watu wengine."

"Anasema alidhani iko sebuleni."

"Kama kwa watu wengine. Nimesikia. Mwambie watu wengine wanaibiwa stima."

Waliendelea hivyo, na mimi katikati nikirudia maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia. Siku hiyo niliongea kuliko mwaka mzima, na hakuna neno lililokuwa langu. Mama alisema anaweza kwenda kwa jirani, shemeji aingie yeye akiwa hayupo. Shemeji akasema mwambie mama kitanda kitakuwepo. Mama akasema mwambie hilo ni kweli. Shemeji akasema twaweza kungoja fundi wa senta arudi kutoka Sirisia. Mama akasema mwambie kesho ni siku ya kumi, na nyanya iko.

Mayai yalikuwa kwenye trei, mlangoni mwa kibanda. Niliyaangalia. Nilikuwa nimeandika tarehe kwa penseli juu ya kila moja.

"Shem, mwulize mama," shemeji akasema, "kitanda kikitolewa nje, hicho bado ni chumba cha kulala?"

Hili lilikuwa swali la kufikiriwa.

"Mwambie kitanda kikitoka, hicho ni chumba tu. Na mwambie aende kule kwenye mahindi, asikione kikipita."

Shemeji akaenda kwenye mahindi. Mama na mimi tukakunja godoro, tukavuta kitanda mpaka mlangoni, na hapo kikakataa. Tukakisimamisha, tukakilaza ubavu, tukakigeuza miguu mbele. Ndipo mama akakumbuka kwamba baba alikitengeneza mle mle ndani, mbao kwa mbao, na hakijawahi kuona nje tangu kiwe kitanda. Tulikirudisha. Nikaenda kwenye mahindi kumwambia shemeji arudi.

"Basi ni wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Wewe utaunganisha. Mimi nasimama nje ya dirisha nakuelekeza. Leta karatasi, andika."

Nilileta daftari. Shemeji ni mtu wa haraka, mikono na mdomo. Alisema kwanza unazima swichi, ile kubwa ya juu, si zile ndogo, halafu unafungua kifuniko, halafu unagusisha tesita, isiwake, halafu waya mwekundu hapa, mweusi hapa. Tesita ni bisibisi yenye taa ndogo kwenye mshikio. Ukiigusisha mahali penye stima, taa inawaka.

Alipofika kwenye rangi za waya, mimi nilikuwa bado naandika "unazima swichi". Nilimwomba arudie, akarudia. Nilimwomba tena, akarudia kwa haraka zaidi, "si umeandika, bana, jua linaenda." Mara ya tatu niliona haya. Niliangalia karatasi, nikaona ina mistari mitano na inatosha. Mstari wa kwanza ulisema: Unazima swichi.

Niliingia chumbani na bisibisi, nikavuta mwisho wa waya kupitia dirishani mpaka kwenye ubao. Mama alikuja kunimulikia kwa tochi ya simu, maana chumba kile kina dirisha dogo. Shemeji alisimama nje chini ya dirisha, mgongo wake ukutani, akitazama mahindi kama mtu aliyekuja kuyanunua.

"Zima," akasema.

Nikazima swichi niliyoizoea, ndogo, ile inayozima balbu. Balbu ikazimika. Nyumbani kwetu balbu ikizimika stima imeenda, hakuna anayebishana. Nikafungua kifuniko. Nikagusisha tesita.

Taa yake ikawaka.

Niliangalia karatasi. Niliandika mwenyewe, kwa herufi zangu: isiwake.

"Shem, ikoje?"

"Imewaka," nikasema. Sauti yangu hufika upana wa meza. Dirisha lilikuwa mbali zaidi.

"Sikusikii. Basi tufanye hivi: ukinyamaza, nitajua haijawaka."

Nikajaribu tena. Si kwamba sikujua la kusema, nililijua. Lilikuwa pale limesimama, halitoki, kama kile kitanda mlangoni.

"Sawa kabisa," shemeji akasema. "Sasa legeza ile skrubu, ushike waya mwekundu, uingize."

Mkono wangu ulianza kwenda. Nimefikiria sana kwa nini ulienda, na sina jibu zaidi ya kwamba niliambiwa uende. Mama aliangalia taa ya tesita, akaangalia karatasi, akaangalia mkono.

"Imewaka!" mama akapiga kelele. "Mkwe, imewaka! Mwambie huyu mtoto asiguse!"

Nilikuwa nimesimama begani kwake. Angeweza kuniambia mwenyewe.

"Shem!" shemeji akaita. "Mama anasema usiguse!"

Nikashusha mkono.

"Mama, zima ile kubwa ya juu."

"Hii nyekundu?"

"Hiyo hiyo. Ivute chini."

"Nimevuta."

"Agusishe tena."

Nikagusisha. Taa haikuwaka.

"Haijawaka," mama akamwambia.

Halafu wote wawili wakasikia walichokuwa wanafanya. Nje walisikika kuku wa jirani. Niliwangoja. Mwishowe shemeji akakohoa.

"Shem," akasema polepole, "mwambie mama kama anaweza kumulika karibu na skrubu."

"Mama, anasema umulike karibu na skrubu."

"Nimesikia," mama akasema.

Nilifunga waya mwekundu, nikafunga mweusi. Kila skrubu niliikaza mpaka shemeji akaniuliza kama nimelala. Nikarudisha kifuniko, nikainua swichi kubwa. Shemeji akakimbia kibandani, na tukamsikia akipiga makofi peke yake.

Mayai niliyapanga jioni hiyo hiyo, siku ya tisa, feni ikilia kidogo kama nilivyosema. Mama alipika ugali na mboga, na nyanya ile ikaingia kwenye mboga. Chai ya shemeji niliipeleka mimi kwenye jiwe lake. "Mwambie mkwe asante," mama akasema kutoka jikoni. "Mwambie mama si kitu," shemeji akasema kutoka nje. Nikawaambia.

Siku ya ishirini na moja vilitoka vifaranga ishirini na tisa. Mama alikuja mpaka mlango wa kibanda, akachungulia kwenye kioo, akasema ni vingi kwa mtu mmoja. Sasa watu wa senta wakitaka vifaranga huambiwa, nenda kwa yule msichana. Wanakuja, wanahesabu, wanaondoka.

Dada alipokuja Krismasi aliuliza ni nini hasa kilitokea chumbani. Mama akasema, mbele ya mahindi tuliyokuwa tunapukuchua, kwamba mimi nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Dada akampigia shemeji simu kumwuliza. Shemeji akasema ndiyo, ni mimi, yeye mwenyewe alisikia, hajawahi kusikia sauti kama ile. Dada akaniangalia kwa heshima.

Nimekubali. Nikienda senta sasa watu huniambia nisiwapigie kelele. Natabasamu tu.

Msomaji, ukimaliza hii naomba uniandikie. Nataka kujua kwenu swichi kuu iko chumba gani, na ni nani haruhusiwi kuingia humo. Andika kwa herufi kubwa kidogo, na usiwe na haraka. Nitajibu kila barua, ila nipe muda wa sufuria mbili.