Kilomita Zilizobaki

Miaka ile sukari ilipokuwa sukari kweli, mtu wa Kakamega ambaye hajanunua kitu alionekana mgonjwa. Waliokuwa na nyumba za nyasi waliweka mabati, waliokuwa na baiskeli walianza kuulizia pikipiki, na hata shemasi wa kanisa letu alivaa saa mbili, moja kila mkono, mpaka mchungaji alipomkanya. Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kupimia miwa upande wa Butali. Trekta likipanda mizani na tela lake, mimi ndiye niliyesoma uzito, nikatazama majani makavu na udongo ulioshikana na miwa, kisha nikakata. Wakulima walisema nikipewa mama yangu nimpime, ningekata uzito wa leso. Nilicheka nao. Kukata kulikuwa kazi yangu, na niliifanya vizuri.

Mke wangu alikuwa amerudi kwao mwaka mmoja na nusu kabla ya hayo ninayosimulia. Hatukugombana. Alisema tu amechoka kuishi na mtu anayempimia mpaka chumvi, akafunga virago vyake, nami nikambebea sanduku mpaka stendi. Pale stendi nilibishana na utingo juu ya nauli ya sanduku, na nilipogeuka kumuaga mke wangu, alikuwa ameshapanda na kukaa upande wa pili. Hatukujaliwa watoto. Nyumba ya kupanga kule Shieywe, mtaa wa Kakamega mjini, ikabaki na mimi, redio, na jiko la mafuta ya taa lenye tambi mbili ambalo niliwasha tambi moja.

Nitasema ukweli: sikuhitaji gari. Kazini nilichukuliwa na lori la wafanyakazi, na sokoni nilikwenda kwa miguu. Nilichotaka ni kurudi jioni nikute kitu kinaningoja mbele ya nyumba. Mbwa sikuwapenda.

Wakati huo palikuwa na duka la magari mjini lililoleta utaratibu mgeni kwetu. Hukuuziwa gari, ulikodishiwa. Ulipewa gari jipya, plastiki bado zimefunika viti, ukae nalo miaka mitatu ukilipa kila mwezi, halafu unalirudisha. Lakini mkataba uliweka idadi ya kilomita. Ukizipita, kila kilomita ya ziada ilikuwa na bei yake, na bei hiyo ilikuwa ya kumfanya mtu ashuke asukume. Muuzaji alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka Mumias, mwenye kofia safi na sauti ya upole. Nilikwenda kwake Jumamosi asubuhi, peke yangu. Wateja wengine wote walikuja na watu watatu wanne, shemeji, binamu, mtu wa kuunga mkono na mtu wa kuguna, maana kwetu jambo zito halizungumzwi na mtu mmoja.

"Karibu, ndugu yangu," alisema. "Wenzako wako nyuma?"

"Niko peke yangu."

Alitazama mlangoni kidogo hata hivyo, kisha akavuta kiti.

Mazungumzo yetu yalichukua Jumamosi tatu. Silaha yangu ilikuwa ile ile ya mizani: kunyamaza. Mkulima akiona umenyamaza ukitazama tela lake, huanza mwenyewe kukiri kwamba mvua ilinyesha, kwamba vibarua walikuwa wavivu, kwamba kweli kuna udongo kidogo. Mzee yule naye alitaja malipo ya mwezi, nikatazama gurudumu la mbele bila kusema neno. Akayashusha. Nikatazama gurudumu la nyuma. Jumamosi ya pili nilikuwa nimepata mazulia ya miguuni, gurudumu la akiba jipya, tangi lililojaa na huduma mbili za bure. Alikuwa akijifuta jasho huku akicheka.

Jumamosi ya tatu tukafika kwenye kilomita. Alikuwa ameandika elfu moja na mia tano kwa mwezi.

"Nyingi," nikasema.

"Hiyo ni ya kawaida. Watu hulia hazitoshi. Haya, tuhesabu. Kwa mwezi unaendanga wapi na wapi? Kazini?"

"Kuna lori."

"Haya, toa kazini. Watoto shuleni?"

"Sina."

"Mungu ataleta. Kwa wakwe?"

Nilitazama zulia. "Siendi."

"Marafiki? Harusi? Unajua wikendi hizi za sukari, mtu anaalikwa huku na huku."

Nikafikiri kwa uaminifu, kama ninavyofikiri mbele ya mizani. Mwaka ule nilikuwa nimealikwa harusi moja, ya mlinzi wetu, naye alikuwa amealika kituo kizima. "Toa," nikasema.

"Sasa kumebaki nini, ndugu yangu?"

"Mama. Anakaa nje ya Mumias. Kila Jumapili."

Aliandika, akajumlisha, akapata chini ya mia tatu. Tukaandika mia nne, na malipo ya mwezi yakaporomoka hata yeye mwenyewe akashika kichwa. Alisema hajawahi kutoa mkataba mzuri namna ile kwa mtu yeyote. Lakini hakunipa mkono kama mtu aliyeshindwa kwenye biashara. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia, kama tunavyofanya matangani. Nilikasirika, nikamuuliza kwa ukali, "Na zikibaki je? Kilomita zikibaki mwishoni?"

"Zikibaki," alisema, "zimebaki."

Nililipeleka gari kwa mama Jumapili iliyofuata. Lilikuwa dogo, jeupe, milango minne, lenye harufu ya kiatu kipya. Kufika barazani kwake kulikuwa na njia ya udongo ya kilomita mbili kutoka sokoni. Nilitazama ile njia, nikatazama mita ya kilomita, nikaliacha gari sokoni mbele ya duka la mwuza mbolea, nikatembea. Kwenda na kurudi, kilomita nne nimeziokoa. Nilijiambia ni kwa sababu ya matope. Mama alikuja mwenyewe kuliona kwa miguu, amevaa leso ya kanisani, akalizunguka mara mbili akipapasa vioo.

"Tutalipeleka lini kwa mamako mdogo?" akauliza.

Kwetu, kitu kikubwa kikiingia nyumbani hupelekwa kwanza kwa upande wa mama kikaonwe na kuombewa. Ng'ombe wa kwanza alipelekwa, na cherehani ya dada yangu marehemu ilipelekwa imebebwa kichwani. Katika watu wa mama alikuwa amebaki mmoja tu, mdogo wake wa kike, aliyehamia Kitale na mumewe zamani mashamba yalipokuwa yakigawanywa. Walikuwa hawajaonana miaka saba. Kwenda na kurudi kulizidi kilomita mia mbili na thelathini. Nilijua hivyo kabla mama hajafunga mdomo.

"Mama, hili ni la kukodi. Gari la kukodi haliombewi. Si langu."

"Nyumba yako ya Shieywe si ya kukodi? Mbona mchungaji aliiombea na akala kuku?"

Nikacheka, nikamwambia tutakwenda mwisho wa mwaka, kilomita zikibaki. Akasema sawa. Alikubali haraka mno. Laiti angebishana, maana mimi kubishana nilikuweza.

Mwisho wa mwaka zilibaki nyingi, lakini nilikuwa nimeshazoea kuziona zikirundikana. Sijui nilikuwa nikiziweka kwa ajili gani. Niliita akiba ya dharura: labda nitaugua, labda mke wangu ataleta ujumbe nikamchukue. Jioni nilikaa ndani ya gari pale pale nje ya nyumba, injini imezimwa, nikisikiliza redio. Majirani walidhani nataka kutoka. Mara mbili tatu mtu alikuja kuomba lifti ya kwenda mjini, nikamwambia kwamba ndiyo kwanza nimeingia. Jumapili nilikwenda kwa mama, nikaliacha sokoni, nikatembea. Aliniuliza tena habari za Kitale baada ya Pasaka, halafu tena wakati wa kuvuna mahindi. Halafu akaacha kuuliza. Nami nikaona afadhali, jambo limekwisha.

Kuelekea mwisho wa mwaka wa pili nilifika Jumapili moja nikakuta mlango umefungwa kwa nje. Kuku walikuwa wakizurura, hawajapewa kitu. Jirani yake, mwanamke wa rika lake, alitoka shambani akiwa na jembe begani, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Mama hayuko. Ameenda matanga Kitale."

"Matanga ya nani?"

"Ya mdogo wake. Alikufa Jumanne. Wamezika jana." Akashusha jembe. "Hukujua?"

Sikujua. Na hapo inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mtu akitaka kunipa habari alimpa dereva wa trekta la miwa, na dereva alinipa mimi dirishani wakati tela liko juu ya mizani. Vifo vyote vya eneo lile vilinifikia hivyo. Nilipata habari za misiba ya watu nisiowajua hata kwa uso. Mama alikuwa na matrekta yanayopita barabarani kwake kila siku. Kati ya Jumanne na Ijumaa alikuwa na madereva thelathini wa kuwatuma.

"Alienda na nani?"

"Na sisi kina mama wa kanisa tulimpeleka mpaka Kakamega, kutoka hapo akapanda lori la mahindi na dada mmoja wa ushirika. Tulimwambia mtoto wako ako na gari, tuma mtu mizani. Akasema mumwache. Gari yake inakuwanga na hesabu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa wa mtoto wa mwenziwe. Kisha akarudi shambani.

Nilikaa kwenye kizingiti cha mama mpaka jua likainama. Niliwapa kuku mahindi. Nilifagia uwanja, ambao sikuwahi kuufagia tangu nilipokuwa shule ya msingi, kisha nikakaa tena. Lori la mahindi lilipita Kakamega mjini. Ili lishike njia ya Kitale, lilipita umbali wa kutupa jiwe kutoka mahali gari langu lilipokuwa limeegeshwa, na mama alikuwa juu yake. Pengine aliliona. Nililia pale, peke yangu, kwa sauti, na sikujali jirani.

Jumapili iliyofuata nililiendesha gari mpaka uwanjani kwake, matope na yote. Mama alitoka jikoni akiwa amenyoa nywele, kama wanavyofanya wafiwa. "Leo umekuja nayo," akasema. Akanitandikia kitambaa mezani, akanimiminia maji ya kunawa, akaniletea obusuma na ingokho, ugali na kuku, na firigisi akaiweka upande wangu wa sahani. Nilihudumiwa kama afisa kutoka wilayani. Mama hakuwahi kunitandikia kitambaa.

"Mama, twende Kitale. Twende leo. Nimejaza tangi."

Alikuwa akikusanya mifupa kwenye bakuli. "Kumwonyesha nani?" akauliza. Lilikuwa swali tu. Akapeleka bakuli nje.

Muda uliobaki wa mkataba nilimbembeleza kila Jumapili. Nikupeleke kanisani, mama. Nikupeleke sokoni, hospitali, kwa rafiki yako wa Butere. Alishukuru kila mara na kukataa kila mara, akisema ni karibu, atatembea, zisije zikaisha. Alipanda gari lile mara moja tu, siku goti lilipomsumbua na unga umekwisha. Nilimpeleka kwenye kinu cha kusaga, debe la mahindi mapajani mwake, hakutaka kuliweka kwenye kiti asije akakichafua. Macho yake yalikuwa kwenye mita tangu tulipoondoka mpaka tuliporudi.

Miaka mitatu ilipokwisha nililirudisha. Mzee wa Mumias alivaa miwani, akainama ndani, akasoma mita, akasoma tena. Akawaita vijana wa duka waje watazame.

"Mnaona? Huyu ndiye mteja. Gari kama limetoka jana. Ndugu yangu, umebakiza zaidi ya elfu nne!"

Kitale kwenda na kurudi mara kumi na nane. Nilipata jibu kabla hajamaliza kusema, ndiyo kazi yangu. Alinipa hati ya kupokea, akaniuliza kama nataka jingine, kwamba kwa mtu kama mimi angeweza kushusha hata zaidi. Nikasema hapana, nikatembea mpaka Shieywe. Mbele ya nyumba palikuwa na mstatili wa ardhi ambapo majani hayakuota.

Jumapili nilikwenda kwa mama kwa gari la abiria, nikatembea ile njia ya kutoka sokoni. Nilimwambia nimelirudisha.

"Hukuzimaliza zile kilomita?"

"Sikuzimaliza. Zimebaki nyingi."

Alipepeta mahindi kidogo. Kisha akauliza, kwa dhati kabisa, kama mtu asiyejua mambo ya ofisi, "Sasa zile umebakisha, wamekurudishia?"

"Hapana, mama. Hawarudishi."

"Woi," akasema, akaweka ungo chini, akaninyooshea mkono. "Pole, mwana wangu."